Mabingwa wa Nagoya tusiowataja

Naandika kutoka Mtambile. Kwa asiyepajua, Mtambile ipo wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, kwenye barabara kuu inayotoka bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake. Mliozoea niandike habari za karafuu, meli na uchaguzi, leo naomba mnipe likizo. Nataka tuzungumze habari za wanawake wawili wa Kichina na meza moja ya mbao. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Vumilieni kidogo, mtaona jinsi habari hii inavyopita Nagoya, Beijing na New York mpaka ikafika hapa kisiwani.

Mwulize mtu yeyote aliyepita chuo kikuu akagusa kidogo siasa za kimataifa: mpira wa meza ulibadili vipi dunia? Atakujibu haraka. Atakutajia diplomasia ya pingpong ya mwaka 1971, atamtaja Mao, atamtaja Nixon na Kissinger. Akiwa msomaji hodari atamtaja na Glenn Cowan, kijana wa Kimarekani mwenye nywele ndefu aliyejikuta ndani ya basi la timu ya China mjini Nagoya, Japan. Kisha atamtaja Zhuang Zedong, Mchina aliyemsogelea akampa zawadi ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Wanaume watupu. Sasa mwulize swali la pili: kwenye mashindano yale ya Nagoya, nani aliyeshinda? Hapo utamwona anakuna kichwa.

Basi tuhesabu pamoja. Mashindano ya 31 ya dunia ya mpira wa meza yalichezwa Nagoya kuanzia tarehe 28 Machi hadi 7 Aprili 1971. Mataji yalikuwa saba. Timu za wanaume: China. Timu za wanawake: Japan. Mmoja mmoja wanaume: Stellan Bengtsson, kijana wa Sweden aliyekuwa na miaka 18. Wawili wawili wanaume: István Jónyer na Tibor Klampár wa Hungary. Mmoja mmoja wanawake: Lin Huiqing wa China. Wawili wawili wanawake: Lin Huiqing na Zheng Minzhi. Mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke: Zhang Xielin na Lin Huiqing.

Umeona? China iliondoka na mataji manne, na katika manne hayo matatu yana jina la mwanamke mmoja. Zhuang Zedong, ambaye dunia nzima inamkumbuka, alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka 1961, 1963 na 1965, lakini Nagoya hakuchukua taji la mmoja mmoja. Alikataa kucheza na mchezaji wa Cambodia kwa sababu serikali ya Lon Nol ilikuwa haitambuliwi na Beijing, akatolewa. Sisemi kwamba Zhuang hakustahili sifa. Kumkabili Mmarekani mbele ya wenzako, ukitoka nchi iliyokuwa ndani ya Mapinduzi ya Utamaduni, kulihitaji moyo. Ninachosema ni kwamba historia ilimchukua mwanamume aliyetoa zawadi, ikamwacha mwanamke aliyeshinda.

Kabla sijaendelea, naomba nieleze mchezo wenyewe wa wawili wawili, maana wengi wetu tunaudhani ni kama tenisi ya kawaida yenye watu wengi zaidi. Sivyo. Kwenye tenisi ya uwanjani, au vinyoya, mpira ukija yeyote kati yenu anaweza kuupiga. Mmoja akiwa hodari anaweza kumbeba mwenzake mchezo mzima. Kwenye mpira wa meza haiwezekani. Sheria inasema mnapokezana: nikipiga mimi, mpira ukirudi lazima upige wewe, ukirudi tena ni zamu yangu. Ukipiga mara mbili mfululizo umepoteza pointi, hata kama mpira wako ulikuwa mzuri kuliko yote. Na meza yenyewe ni ndogo, urefu mita 2.74 na upana mita 1.525, kwa hiyo ukishapiga lazima ukimbie pembeni umpishe mwenzako, na mwenzako naye akupishe. Nusu ya mchezo ni kupiga, nusu ni kupisha njia.

Ndiyo maana mchezo huu haukubali nyota mmoja. Mabingwa wawili wa mmoja mmoja ukiwaweka pamoja wanaweza kufungwa na wachezaji wa kawaida waliozoeana miaka mingi. Waingereza walikuwa na mapacha, Diane na Rosalind Rowe, mmoja anatumia mkono wa kushoto na mwingine wa kulia. Huo ni mchanganyiko mzuri sana kwenye mchezo huu, kwa sababu hawagongani wanapopishana. Walichukua ubingwa wa dunia mwaka 1951 mjini Vienna, kisha tena mwaka 1954 huko Wembley, London, siku waliyotimiza miaka 21.

Taji la wawili wawili kwa wanawake lenyewe ni la zamani. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika London mwaka 1926, lakini mchezo huu uliingizwa mwaka 1928 mjini Stockholm, na washindi wa kwanza hawakutoka nchi moja: Mária Mednyánszky alikuwa wa Hungary, Fanchette Flamm wa Austria. Mednyánszky aliendelea kulichukua na mwenzake wa nyumbani, Anna Sipos, mfululizo kuanzia 1930 hadi 1935. Afrika nayo ilipata kuliona taji hilo mapema. Mwaka 1939 mashindano ya dunia yalifanyika Cairo, na walioshinda ni Hilde Bussmann na Trude Pritzi kwa jina la Ujerumani. Huyo Pritzi alikuwa Mwaustria wa Vienna. Mwaka mmoja nyuma alikuwa bingwa wa dunia akiiwakilisha Austria, kisha Hitler akaimeza nchi yake na yeye akajikuta anacheza chini ya bendera nyingine. Miezi michache baadaye vita kuu ikaanza na mashindano yakasimama mpaka mwaka 1947.

Kwa hiyo anayesema michezo na siasa havichanganyiki, mwambie akasome orodha ya mabingwa wa mchezo huu mmoja tu. Kila ukurasa una siasa.

Sasa turudi kwa Lin na Zheng. Walianza kuvuma mwaka 1965 huko Ljubljana, Yugoslavia. Wakati huo Japan ndiyo ilikuwa inatawala wanawake. Ilikuwa imelichukua Kombe la Corbillon, yaani kombe la timu za wanawake, mara nne mfululizo: 1957, 1959, 1961 na 1963. China walifika fainali na Japan, na wote walijiandaa kuwaona wale wale washambuliaji waliokuwa wameifikisha timu hapo. Makocha wa China wakageuza kibao. Waliwaingiza Lin Huiqing na Zheng Minzhi, wote wawili wachezaji wa kujihami, wale wanaosimama mbali na meza na kuukata mpira kwa chini ili urudi ukiwa unazunguka kinyume. Wajapani hawakuwa wamejiandaa kwa mchezo huo. China ilishinda 3-0, ikapata Kombe la Corbillon kwa mara ya kwanza. Kwenye mashindano hayo hayo Lin na Zheng wakachukua na taji la wawili wawili. Wanawake wa China walikuwa hawajawahi kulipata.

Kwa msomaji wa kwetu mwaka huo 1965 una kumbukumbu nyingine. Februari Mwalimu Nyerere alikuwa Beijing kutia saini mkataba wa urafiki. Juni Zhou Enlai alikuwa Tanzania. Na mwaka mmoja nyuma, 1964, madaktari wa kwanza wa Kichina walikuwa wameshawasili Zanzibar baada ya Mapinduzi. Kwa maneno mengine, China iliyokuwa inajitambulisha duniani kwa raketi ndiyo ile ile iliyokuwa inajitambulisha kwetu kwa sindano na dawa.

Baada ya Ljubljana, Lin na Zheng walikuwa na kila sababu ya kutegemea miaka mingine mizuri. Haikuwa hivyo. Mwaka 1966 Mao alianzisha Mapinduzi ya Utamaduni. Mashindano ya dunia ya mwaka 1967 huko Stockholm yalichezwa China haipo. Ya mwaka 1969 huko Munich pia haipo. Wachezaji waliokuwa wameiletea nchi sifa wakageuka kuwa watuhumiwa: kwa nini unatafuta ubingwa wako binafsi? Kwa nini ulisafiri nje? Mwaka 1968 watu watatu wakubwa wa mchezo huo, Fu Qifang, Jiang Yongning na Rong Guotuan, walijiua baada ya kuteswa na kudhalilishwa. Huyo Rong Guotuan ndiye aliyekuwa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote, mwaka 1959. Na pale Ljubljana ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya wanawake, aliyewaamini Lin na Zheng kwenye fainali.

Hebu msomaji weka kitabu chini ufikiri kidogo. Wewe ni mchezaji, umechukua ubingwa wa dunia. Miaka inayofuata, ambayo ndiyo miaka bora ya mwili wako, huruhusiwi kushindana na kocha wako amekufa kifo cha namna hiyo. Miaka sita baadaye unaambiwa: haya, fungasha, tunakwenda Japan. Ungekuwa na mkono bado? Ungekuwa na moyo?

Lin Huiqing na Zheng Minzhi walikuwa navyo. Walirudi Nagoya wakachukua taji lile lile walilolichukua Ljubljana, wawili wale wale. Nimeipitia orodha ya mabingwa tangu 1928 na kwangu mimi hilo ndilo tukio kubwa kuliko mengine yote. Wapo waliochukua mara nyingi zaidi, lakini walikuwa wanacheza bila kukatizwa. Hawa walichukua mara mbili zilizoachana kwa miaka sita, na katikati kulikuwa na kiza. Tena fainali ya mmoja mmoja pale Nagoya ilikuwa baina yao wenyewe, Lin akamshinda Zheng. Kwenye mashindano yale yale walikuwa wapinzani wa meza moja na wenza wa upande mmoja, na yote mawili waliyatimiza.

Sasa njooni kwenye siasa. Tarehe 10 Aprili 1971, siku tatu baada ya Nagoya kumalizika, timu ya Marekani ilivuka mpaka wa Hong Kong ikaingia China. Na humo pia tunawasahau wanawake. Kulikuwa na Connie Sweeris, bingwa wa wanawake wa Marekani. Kulikuwa na Olga Soltesz, na Judy Bochenski ambaye alikuwa binti wa miaka 15. Miaka 15! Wakati wanasiasa wa nchi hizo mbili walikuwa hawajashikana mikono kwa zaidi ya miaka 20, binti wa kidato cha pili alikuwa anarushiana mpira na Wachina mjini Beijing. Julai mwaka huo Kissinger akaenda Beijing kwa siri. Februari 1972 Nixon mwenyewe akaenda.

Katikati ya hayo ndipo anapoingia mtu wa Pemba. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu Azimio namba 2758: nani akae kwenye kiti cha China, Beijing au Taipei? Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolileta azimio hilo, na balozi wetu pale New York alikuwa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa kisiwa hiki, mwenye umri wa miaka 29 tu. Alikuwa anaijua Beijing vizuri, maana mwaka 1969 alikuwa balozi wetu huko. Azimio lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, na nchi 17 hazikuegemea upande wowote. Wajumbe wa Tanzania walicheza kwa furaha ukumbini, na Wamarekani hawakulisahau jambo hilo. Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu tena na tena, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim mara 16, mpaka wote wawili wakajitoa na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar. Mwaka 2019 China ilimtunuku Salim Nishani ya Urafiki.

Unajua China ilifanya nini siku chache baada ya kura ile ya 1971? Ilifungua mashindano ya mpira wa meza. Mwanzoni mwa Novemba 1971 timu zipatazo 50 kutoka Asia na Afrika zilikusanyika Beijing kwa mashindano ya kirafiki, na mwaka 1973 yakafanyika mengine makubwa zaidi yaliyoingiza na Amerika ya Kusini. Kaulimbiu ilikuwa urafiki kwanza, ushindani baadaye. Kwa Mwafrika wa wakati ule, ambaye mashindano ya dunia kwake yalikuwa ni kwenda kufungwa raundi ya kwanza na kurudi nyumbani, kualikwa na bingwa mwenyewe akufundishe na kucheza nawe halikuwa jambo dogo.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye mwenyeji wangu hapa Mtambile, aliniona jana nimeinamia simu usiku nikiandika haya. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, waandika habari za nani tena?" Nikamjibu, "Za Wachina, bibi." Akasema, "Wa hospitali?" Nilicheka, lakini jibu lake lina historia ndani yake. Kwa mtu wa Mkoani, Mchina ni daktari wa Hospitali ya Abdalla Mzee. Timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu zimekuwa zikipokezana Zanzibar tangu miaka ya 1960, na kundi la Pemba hukaa hapo Mkoani. Hospitali yenyewe imejengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Bibi hajawahi kusikia jina la Nagoya, na hana haja nalo. Lakini urafiki ule uliokuwa unatangazwa kwa raketi Beijing ndio huo huo ulioleta daktari jirani na nyumba yake.

Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi akisifu upande mmoja tu msishangae mkimwita mpiga debe. Kaulimbiu ya urafiki kwanza ilikuwa na upande wake wa giza. Ndani ya timu ya China yenyewe wachezaji walikuwa wanaamriwa nani ashinde na nani aachie, kwa maslahi ya taifa. Mwaka 1987 mjini New Delhi mchezaji anayeitwa He Zhili aliamriwa amwachie mwenzake Guan Jianhua kwenye nusu fainali. Akakataa, akacheza kwa haki, akashinda, na mwishowe akawa bingwa wa dunia. Malipo yake? Aliachwa nje ya timu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Akahamia Japan, akabadili jina na kuwa Chire Koyama, na mwaka 1994 kwenye Michezo ya Asia akamfunga Deng Yaping, malkia wa mchezo huo wakati ule, akiwa amevaa jezi ya Japan. Kwa hiyo tukisema urafiki kwanza, tuulize pia: urafiki wa nani, na kwa gharama ya nani?

Na pale Seoul 1988, ambapo mpira wa meza uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, taji la wawili wawili wanawake China walilikosa. Lilichukuliwa na Wakorea Kusini, Hyun Jung-hwa na Yang Young-ja, ambao ndio walikuwa mabingwa wa dunia wa New Delhi. Miaka mitatu baadaye huyo Hyun akawa sehemu ya hadithi nyingine. Mwaka 1991 huko Chiba, Japan, Korea Kaskazini na Korea Kusini ziliamua kwa mara ya kwanza kuunda timu moja. Hyun wa Kusini akawekwa na Li Bun-hui wa Kaskazini. Walifanya mazoezi pamoja, wakala pamoja, na kwenye fainali ya timu za wanawake wakaifunga China 3-2, China iliyokuwa imelichukua kombe hilo mara nane mfululizo. Baada ya mashindano kila mmoja alirudi upande wake wa mpaka. Mwaka 2012 Wakorea Kusini walitengeneza filamu kuhusu wanawake hao.

Ukiangalia vizuri, mchezo huu wa wanawake wawili umekuwa ukivuka mipaka mara nyingi. Maria Alexandru wa Romania alikuwa bingwa mwaka 1973 akiwa na Mjapani Miho Hamada, na mwaka 1975 akiwa na Mjapani mwingine, Shoko Takahashi. Mwaka 1977 walishinda Pak Yong-ok wa Korea Kaskazini na Yang Ying wa China. Kumbuka hayo ni miaka ya vita baridi. Viongozi walikuwa wanahesabu makombora, na wanawake wa nchi tofauti walikuwa wanajifunza kupishana mbele ya meza bila kugongana.

Halafu Olimpiki wakauondoa. Baada ya Athens 2004, ambako Wang Nan na Zhang Yining wa China walishinda, mchezo wa wawili wawili ulifutwa, na kuanzia Beijing 2008 nafasi yake ikachukuliwa na mashindano ya timu. Habari njema ni kwamba mwaka 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuurudisha kwa ajili ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Na Afrika nayo ilirudishiwa mashindano ya dunia: mwaka 2023 yalifanyika Durban, Afrika Kusini, miaka 84 baada ya yale ya Cairo. Taji la wawili wawili wanawake lilikwenda kwa Chen Meng na Wang Yidi wa China. Waafrika tulikuwa wenyeji wazuri. Ubingwa bado.

Lakini Afrika si maskini wa mifano. Olufunke Oshonaike wa Nigeria alicheza Olimpiki saba, kuanzia Atlanta 1996 hadi Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Nigeria na Misri zinazalisha wachezaji kila kizazi. Kwa nini sisi tusizalishe?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Jioni hapa Mtambile nawaona vijana wa kiume barazani na keram yao, wengine na dhumna, kelele mpaka magharibi. Wasichana wanacheza nage wakiwa wadogo, kisha wakishakua michezo inakwisha. Ukiuliza utaambiwa sababu zile zile: uwanja upo wazi, watu wanaangalia, mavazi, heshima. Sitaki kubishana na wazee kuhusu heshima, na wala sioni haja. Mpira wa meza hauhitaji uwanja. Unahitaji chumba kimoja cha darasa baada ya masomo, meza ambayo fundi seremala akipewa vipimo anaweza kuichonga, wavu, raketi nne na mipira. Wasichana wanne wanatosha, mlango unaweza kufungwa, na mtu anaweza kucheza akiwa amejifunika vizuri. Kama upo mchezo ambao mila zetu hazina ugomvi nao, ni huu. Na kwa kuwa ni wa wawili wawili, meza moja inachezesha wanne kwa mpigo, si wawili.

Tuna urafiki wa zaidi ya miaka 60 na taifa linalotawala mchezo huu kuliko taifa jingine lolote. Tumepokea viwanja, tumepokea hospitali, tumepokea madaktari. Mtu wetu wa Pemba alisimama Umoja wa Mataifa kuidai haki ya China mwaka ule ule wa Nagoya. Siku viongozi wetu wakikaa tena na wageni hao kujadili misaada ya mabilioni, haiwi aibu kuomba na kitu kidogo: kocha mmoja mwanamke na meza kadhaa kwa shule za Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni. Hakuna mkopo wa kulipa hapo.

Na tukizipata hizo meza, basi wasichana wasimuliwe habari kamili. Wakifundishwa diplomasia ya pingpong darasani, watajiwe Zhuang na Cowan, ndiyo, lakini watajiwe pia Lin Huiqing na Zheng Minzhi, waliochukua ubingwa, wakanyimwa miaka sita, wakarudi wakauchukua tena. Mimi naona msichana wa miaka 15 atajifunza mengi zaidi kwa hao wawili kuliko kwa hadithi ya mtu aliyepanda basi lisilo lake.

Nawasilisha.